Eti Maumbile Huchagua Wakubwa? Muulize Mbawakawa

Wiki mbili zilizopita kuna klipu iliingia kwenye grupu letu la WhatsApp. Jamaa amekaa mbele ya maiki kubwa, tisheti imembana kifuani, anaongea polepole kama hakimu anasoma hukumu. Anasema kwa wanyama dume mkubwa ndiye anazaa, dume mdogo anakufa bila mtoto, na mwanaume mdogo anayelia kwamba wasichana hawamwoni anagombana na maumbile, si na wasichana. Halafu akatoa mfano wa simba. Hawa watu wa maiki kila mara ni simba.

Wasee wakacheka. Mimi ni futi tano na inchi nne nikiwa nimevaa viatu, na nilicheka pia, kwa sababu usipocheka wanajua imekuuma. Lakini kuna mmoja wetu hakucheka. Alinitafuta inboksi saa sita usiku akaniuliza, "Buda, hii stori ni ukweli? Si wewe ndiye husoma mambo ya wadudu?"

Nitarudi kwa huyo beshte yangu, kwa sababu yeye ndiye sababu ya mimi kuandika hii kitu. Kwanza nimjibu mtu wa maiki.

Ukisema "maumbile yanasema", hiyo ni kama kusema "Wakenya wanasema". Wakenya gani? Uliuliza wangapi? Simba ni spishi moja. Wadudu ambao wanasayansi wameshawaandika na kuwapa majina ni karibu spishi milioni 1, zaidi ya nusu ya wanyama wote tunaowajua duniani. Kama maumbile yangepiga kura, wadudu wangeshinda raundi ya kwanza bila hata kuhitaji marudio. Kwa hivyo tuache simba apumzike kidogo, twende kwa wengi.

Na sitakudanganya. Kuna wadudu wengi ambao dume mkubwa kweli anafaidika. Wale nzi wadogo wa matunda, wanaozunguka ndizi ikianza kuiva sana, walichunguzwa na Linda Partridge na Marion Farquhar, na mwaka 1983 wakaandika kwamba madume wakubwa walipandana mara nyingi zaidi maishani kuliko wadogo. Mbawakawa wenye pembe wakipigana, mara nyingi mkubwa ndiye anashinda. Mtu wa maiki hajatunga kila kitu. Shida yake ni kwamba alisoma ukurasa mmoja akafunga kitabu, na kile kitabu ni kinene.

Tufungue ukurasa wa pili.

Mbawakawa ni wale wadudu wenye mgongo mgumu unaong'aa kama helmeti ya bodaboda. Kuna wale wa mavi. Ukiwahi kwenda ushago, umewaona kwenye mavi ya ng'ombe. Wengine hufinyanga mpira na kuusukuma kwa miguu ya nyuma, hao ndio maarufu. Lakini kuna kundi lingine kubwa linaloitwa Onthophagus, na hao hawasukumi mpira popote. Jike anachimba shimo chini ya mavi yenyewe, anavuta vipande chini, anavifinyanga, na katika kila donge anataga yai moja.

Mwanasayansi mmoja wa Marekani, Douglas Emlen, alikaa Panama miaka ya tisini akichunguza aina moja ya hawa, wadogo kabisa, wanaoishi kwa mavi ya tumbili. Aligundua madume wako wa aina mbili. Wakubwa wana pembe mbili ndefu kichwani. Wadogo hawana pembe, au wana vinundu tu, kiasi kwamba ungedhani ni majike.

Dume mkubwa anafanya kazi ya baunsa. Anasimama ndani ya shimo, anakaza miguu ukutani, anaelekeza pembe mlangoni. Dume mwingine akija wanasukumana, na mwenye mwili na pembe kubwa kwa kawaida anabaki na shimo. Mpaka hapo mtu wa maiki anatabasamu.

Sasa dume mdogo naye anafanya nini? Analia? Anaandika hali ya huzuni WhatsApp? Hapana. Anasubiri baunsa azubae ampite pembeni. Ikishindikana, anatoka nje, anasogea kando kidogo, anachimba kishimo chake mwenyewe, halafu anakikunja chini ya ardhi mpaka kinakutana na shimo la jike upande wa ndani. Anaingia kwa mlango wa nyuma. Baunsa bado yuko mlangoni akilinda kwa bidii.

Na kukosa pembe kunamsaidia. Emlen na mwenzake Armin Moczek walionyesha kwamba pembe ndefu humpunguzia dume kasi anapokimbia ndani ya shimo. Ukiwa unategemea kuingia na kutoka haraka, pembe ni mzigo. Ni kama kubeba sofa kwenye matatu ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna kitu kingine. Jike anaweza kupandana na wote wawili, yule wa mlangoni na yule wa mlango wa nyuma. Kwa hivyo mashindano hayaishi baada ya kupandana. Yanaendelea ndani ya mwili wa jike, mbegu za huyu dhidi ya mbegu za yule. Na huko ndani pembe hazina kazi. Kwenye baadhi ya spishi za Onthophagus, dume mdogo ana korodani kubwa kuliko ungetarajia kwa mwili wake. Hakuweka bajeti kwenye silaha, aliiweka huko.

Kuna mmoja wao, Onthophagus taurus, ambaye ana sifa nyingine ya kuchekesha. Mwaka 2010 Rob Knell na Leigh Simmons walipima nguvu zake, na dume mwenye nguvu kuliko wote alivuta mzigo mara 1,141 ya uzito wake. Fikiria mtu wa kilo 70 anavuta tani karibu 80. Huyo ndiye mdudu mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kupimwa, na bado katika ukoo wake kuna wadogo wasio na pembe ambao wanapata watoto, kizazi baada ya kizazi. Kama njia yao haingefanya kazi, wangekuwa wameisha kitambo.

Sasa swali la maana: ni nini kinaamua dume atakuwa baunsa au atakuwa mchimbaji? Hapa ndipo stori iliniguza mimi binafsi.

Mbawakawa akishatoka kwenye donge lake akiwa mtu mzima, hakui tena. Hana jimu wala protini ya kopo. Mwili wake wote, na pembe zake, viliamuliwa akiwa buu, ndani ya lile donge aliloachiwa na wazazi. Donge likiwa kubwa na zuri, anatoka mkubwa mwenye pembe. Donge likiwa dogo, anatoka mdogo. Emlen alionyesha hilo kwa kubadilisha chakula cha mabuu. Tofauti kubwa kati ya mwenye pembe na asiye nazo ilitokana na chakula, si na damu ya baba.

Yaani yule baunsa hakufanya chochote kustahili pembe zake. Mama yake alipata mavi mengi siku hiyo. Basi.

Mtu si mbawakawa, najua. Kimo chetu kwa sehemu kubwa tunarithi, na sio kila mfupi alinyimwa chakula. Mimi babangu ni mfupi na babu alikuwa mfupi kumliko. Lakini chakula cha utotoni pia kina mkono wake, na hapa Kenya hilo si jambo la vitabuni. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 26, kwa hivyo tumepiga hatua. Lakini wale watoto wa 2014 saa hii wengine wameanza sekondari. Wako kwenye simu. Wanatazama klipu ya mtu wa maiki akiwaambia maumbile yamewakataa.

Kwa hivyo ukimcheka mtu kwa sababu ya kimo, kuna wakati unacheka ukame wa mwaka fulani ambao hata yeye haukumbuki. Unacheka njaa ya mtoto.

Ukurasa wa tatu: mbu.

Sisi tunamjua mbu jike, kwa sababu ndiye anauma. Dume hana shughuli na damu yako, yeye hunywa maji matamu ya mimea. Jua likizama, madume wa Anopheles gambiae, yule mbu wa malaria, hukusanyika hewani mahali pamoja wakizungukazunguka kama wingu dogo. Jike anaingia ndani ya wingu, anakutana na dume mmoja, wanatoka wakiwa wameshikana. Kwa kawaida jike wa mbu huyu hupandana mara moja tu maishani. Kwa hivyo kwa dume hakuna mlango wa nyuma hapa, na wingu lenyewe halidumu hata saa nzima.

Ungetarajia nini? Mkubwa awasukume wengine achukue jike, sindio? Mwaka 2008 watafiti wakiwemo Kija Ng'habi na wenzake wa Ifakara, pale Tanzania, waliandika matokeo yao. Waliofaulu zaidi kupata majike walikuwa madume wa mwili wa kati. Wakubwa sana walifaulu kidogo, na wadogo sana pia walifaulu kidogo. Hata kichwa cha karatasi yao ya kisayansi kinauliza kwa utani kama labda aliye bora ndiye anayeshindwa.

Ukifikiria inaeleweka. Kucheza hewani kunahitaji nguvu ya kudumu na kunahitaji kugeuka upesi. Mwili mdogo sana unabeba mafuta kidogo. Mwili mkubwa sana ni mzito kugeuza. Kwa mbu, dume bora ni yule ambaye hungemwangalia mara mbili.

Na usidhani hii ni sayansi ya kupoteza wakati. Kuna watu wanaofikiria kupambana na malaria kwa kufuga mbu madume wengi maabara, kuwafanya wasizalishe au kubadilisha chembe zao za urithi, halafu kuwaachilia. Ukifuga madume wakubwa walioshiba kwa sababu unaamini mkubwa ndiye anashinda, unaweza kuachilia jeshi zima ambalo majike hawatalichagua. Imani ya mtu wa maiki, ukiipeleka kazini, inaweza kuharibu mpango mzima.

Ukitoka kwa mbu, nenda Kisumu. Kuna siku unaangalia Ziwa Victoria na unaona kama moshi umesimama juu ya maji. Si moshi, ni wadudu wa ziwa, mamilioni yao, hawaumi mtu, wanacheza hewani. Baadhi yao ni wa jamaa ya chironomidi. Kule Uingereza mtafiti McLachlan alichunguza ndugu za hawa miaka ya themanini, akakuta kwamba kwenye wingu lao madume wadogo ndio waliopata wenza zaidi. Si wa kati, wadogo. Sababu aliyotoa ni wepesi hewani. Mapenzi yakifanyika angani, uzito ni gharama.

Wa mwisho kabla sijaanza kukuchosha anaishi mbali, New Zealand. Anaitwa weta mkubwa, binamu wa nyenje na senene, na jike wake ni miongoni mwa wadudu wazito duniani. Dume ni mdogo sana kwake, karibu nusu ya uzito wa jike. Usiku dume anamtafuta jike kwa miguu, hana mabawa. Clint Kelly na wenzake waliwabandika vifaa vidogo vya redio mgongoni ili wajue nani anaenda wapi. Matokeo waliyoyaandika 2008: madume wadogo wenye miguu mirefu ndio waliotembea mbali zaidi usiku, na waliotembea mbali ndio waliopandana zaidi. Huko hakuna kupigana mlangoni. Ni nani ametembea.

Kwa hivyo tuhesabu. Kwa nzi wa matunda, mkubwa. Kwa mbu wa Ifakara, wa kati. Kwa wadudu wa wingu, mdogo. Kwa weta, mdogo mwenye miguu. Kwa mbawakawa wa mavi, wakubwa na wadogo wote wako kazini, kila mmoja na njia yake. Ukiniuliza maumbile yanasema nini kuhusu saizi ya dume, jibu langu ni kwamba yanauliza kwanza: mashindano yenyewe ni ya aina gani? Ni ya kusukumana, ni ya kuruka, ni ya kutembea, au ni ya mbegu kwa mbegu? Hakuna mwili mmoja unaoshinda yote. Na mwili hauji bure, kila kitu unachojenga kuna kingine ulichonyima.

Hapo kwenye kunyima ndipo ninarudi kwa beshte yangu.

Aliponitafuta usiku ule, nilianza kumwandikia hizi stori za mbawakawa nikidhani ni utani tu. Akasoma, akanyamaza kama dakika kumi, halafu akanipigia. Akaniambia tangu Januari amekuwa akidungwa sindano. Kuna jamaa pale anapopigia chuma ambaye huuza. Hakuna karatasi, hakuna daktari, chupa ina maandishi ambayo hata yeye haelewi. Ana miaka 22. Alianza kwa sababu kuna msichana alimwambia "wewe ni kama kakangu mdogo", na wiki hiyohiyo simu yake ikaanza kumletea klipu za watu wa maiki, moja baada ya nyingine.

Kifua kimekuja, sikatai. Mgongo pia umejaa chunusi, halali vizuri, na anakasirika kwa vitu vidogo mpaka mamake ameuliza kama amejiunga na watu wabaya. Halafu akaniambia kitu kingine kwa sauti ya chini, ambacho sitakiandika. Wanaume mtaelewa.

Nikamwambia kuhusu mbawakawa mmoja wa mwisho, ambaye nilikuwa nimemweka akiba.

Mwaka 2006 Leigh Simmons na yule Emlen wa Panama walifanya jaribio kwa Onthophagus nigriventris, ambaye dume wake mkubwa ana pembe moja ndefu sana. Waliwachukua mabuu wakawazuia kuotesha pembe. Wale ambao hawakuotesha pembe walikua wakawa na mwili mkubwa zaidi, na korodani kubwa zaidi, kuliko wale walioachwa waoteshe. Maana yake ni kwamba pembe ilikuwa ikilipiwa, na mfuko uliolipa mmojawapo ulikuwa korodani. Silaha ya kuonekana mbele ilikuwa ikinyima kiungo cha kuzaa chenyewe.

Steroidi si pembe, na sitaki mtu aseme nimefananisha mtu na mdudu wa mavi kisayansi. Njia ni tofauti kabisa. Lakini hii ya watu madaktari wanaijua vizuri: ukijidunga testosteroni kutoka nje, ubongo unaona iko tele, unaacha kutuma ujumbe kwa korodani zako zitengeneze. Korodani zinakosa kazi, zinapungua, na utengenezaji wa mbegu unashuka, wengine mpaka unaisha. Ukiacha, kwa wengi hurudi, lakini inaweza kuchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na si kila mtu anarudi alipokuwa. Hapo hatujataja moyo, hatujataja ini, na hatujataja sindano za kushiriki na magonjwa yanayopita humo.

Sasa niambie nani amecheka nani. Mtu wa maiki anauza wazo kwamba mwili mkubwa ndio njia ya kuzaa. Kijana wa miaka 22 analinunua, anaenda kuongeza mwili kwa njia ya mkato, na kile kitu cha pekee ambacho maumbile hupimia ushindi, watoto, ndicho anakihatarisha. Anaotesha pembe huku korodani zinalipa.

Najua kuna msee atasoma hapa atoke na somo baya: "Kumbe nikiwa mdogo niwe mjanja, nipitie mlango wa nyuma." Buda, tulia. Sikuandika haya ili uhame kutoka kuiga simba uanze kuiga mbawakawa. Kama unataka kuiga wadudu, iga wote. Nyuki dume akishinda mashindano ya kumfikia malkia angani, kiungo chake kinakatika hapohapo, anaanguka, anakufa. Malkia anaendelea na wengine, mara nyingi zaidi ya kumi. Huyo ndiye mshindi. Wale walioshindwa wanarudi mzingani, na chakula kikiisha dada zao wanawafukuza nje. Karibu kwenye maumbile.

Na wasichana wanaosoma hapa, najua mmekuwa mkisubiri mtu awataje. Kwenye hizo klipu za maiki nyinyi mnazungumziwa kama vile shimo chini ya mavi, kitu cha kulindwa mlangoni na mwenye pembe. Hata kwa wadudu si hivyo. Wale nzi wa matunda nilioanza nao, ambao dume mkubwa anafaidika, walichunguzwa tena na Scott Pitnick na Francisco García-González mwaka 2002. Waliona kwamba kadiri dume alivyokuwa mkubwa, ndivyo madhara kwa jike aliyekuwa naye yalivyozidi. Kwa hivyo hata pale ambapo mkubwa "anashinda", jike hakushinda. Mtu akikuambia dume fulani ndiye bora, muulize, bora kwa nani?

Mimi sipingi mtu kupiga chuma. Piga, inakujenga, inakutuliza, na ukila vizuri utaona tofauti. Sipingi mtu kupenda mwanaume mrefu pia, kila mtu na chaguo lake, na nimeshakataliwa kwa kimo mara mbili na bado nakula na nalala. Ninachopinga ni mtu kuchukua chuki yake ndogo, kuivalisha koti la sayansi, na kuiuzia vijana ambao hawajui pa kuihakiki. Akisema "mimi napenda wanaume wakubwa", huo ni mtazamo wake. Akisema "maumbile yanakataa wadogo", huo ni uongo, na kuna mbu wa Ifakara anayeweza kutoa ushahidi.

Mwisho wa simu, beshte yangu aliniuliza, "Sasa mdudu wa mavi ndiye ananiambia niache?" Tukacheka, mara ya kwanza usiku huo. Nikamwambia hapana, mdudu kazi yake ilikuwa tu kukufanya usikilize. Wa kukuambia uache vipi ni daktari, kwa sababu kukatiza ghafla bila kuangaliwa pia kuna shida yake, na unahitaji kupimwa ujue uko wapi. Alikuwa anaogopa daktari atamcheka au atamripoti. Nikamwambia daktari ameona makubwa kuliko wewe.

Alhamisi tulienda pamoja. Nilikaa kwenye benchi nje. Alikaa ndani dakika arobaini, akatoka na karatasi za vipimo na sura ya mtu aliyetua mzigo. Majibu yako wiki ijayo. Sijui yatasema nini, na yeye pia hajui, lakini chupa aliiacha kule ndani kwa daktari.

Ile klipu bado iko kwenye grupu. Jana mtu mwingine aliirusha tena, na safari hii beshte yangu ndiye alijibu kwanza. Aliandika neno moja tu: "Pembe." Hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Kama umefika mpaka hapa, sasa na wewe umeelewa. Mtumie msee wako mmoja ambaye hakucheka.